Uji wa oti na matunda kwenye presha kuka: dalili, chanzo na tiba

Uji wa oti wenye matunda unaonekana hauna siri. Oti, maji, matunda, funika, subiri. Ukiuhamishia kwenye presha kuka ndipo vituko vinaanza: povu linaruka kwenye kitundu cha mvuke, chini pameshika ukoko, ndizi zimegeuka rangi ya matope, au unafunua unakuta maji juu na oti zimelala chini. Vingi vya vituko hivi vina mzizi mmoja. Tunatia kila kitu kwa wakati mmoja, ilhali oti zinahitaji joto kali, maziwa hayalipendi joto hilo, na matunda mengi hayalihitaji kabisa. Kwa hiyo usishangae tiba ileile ikijirudia hapa chini: kuna kitu kilitiwa mapema mno.

Vipimo vya kulinganishia

Huwezi kujua kilichoharibika bila kujua ilipaswa iwe vipi, basi tuanze na vipimo.

Oti za chenga, yaani punje zilizokatwa vipande viwili vitatu: kikombe 1 kwa vikombe 3 vya maji, presha ya juu dakika 4 ukizitaka za kutafunika, au hadi 10 ukizitaka laini. Kisha zima na uache presha ishuke yenyewe kwa dakika 15 hivi. Kwenye sufuria ya wazi oti hizi hutaka vikombe 4 vya maji, lakini hapa 3 vinatosha kwa sababu mvuke karibu wote unabaki ndani.

Oti bapa, zile zilizolainishwa kwa mvuke na kubanwa: kikombe 1 kwa vikombe 2 hadi 2 na nusu vya maji, dakika 2 au 3, na dakika 10 za kutulia.

Oti za haraka, nyembamba na zilizovunjikavunjika, usizitie kwenye presha. Zinaiva kwa maji ya moto ndani ya dakika moja au mbili. Ukizibana na mvuke unapata gundi. Kama pakiti yako ni ya aina hii, tatizo lako limeishia hapa.

Kwa kila kikombe cha oti weka robo kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha siagi au mafuta. Vyote kwa pamoja visipite nusu ya sufuria.

Povu linaruka kwenye kitundu cha mvuke

Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo linaloweza kukuunguza. Oti zina wanga, na zina nyuzi laini ziitwazo beta-glukani. Vikilowa na kupata joto, vyote viwili huyafanya maji yawe mazito na ya kunata. Katika maji matupu, kiputo cha mvuke hupanda na kupasuka. Katika maji ya oti hakipasuki. Kinapanda kikiwa kimevaa utando, kingine kinakifuata, na povu linajijenga hadi linagusa mfuniko.

Hatari yenyewe inakuja unapofungulia mvuke ghafla. Kwa presha ya juu, maji yaliyomo ndani yako kati ya nyuzijoto 115 na 121 hivi, kutegemea aina ya presha kuka, na kinachoyazuia yasifoke ni presha tu. Iondoe presha hiyo kwa sekunde chache, na maji yote, juu hadi chini, yatachemka kwa mpigo. Uji mzima unavimba na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kile kitundu kidogo.

Likikukuta, kama presha kuka ni ya umeme, rudisha kitasa cha mvuke mahali pa kufunga kwa mwiko mrefu, uso ukiwa mbali, kisha uiache dakika 10 nyingine. Kama ni ya kuweka juu ya jiko, zima moto au iondoe motoni, halafu usiiguse hadi presha ishuke yenyewe. Mvuke ukikatika ghafla huku kipini cha usalama (kile cha kwenye mfuniko kinachoinuka presha ikiwa ndani) bado kiko juu, usidhani mambo yametulia. Huenda uji umeziba kitundu na presha bado imo ndani. Subiri sufuria ipoe kabisa, na usilazimishe mfuniko kwa hali yoyote. Mfuniko unaokataa kufunguka unafanya kazi yake.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuzima. Usijaze kupita nusu. Usiache siagi au mafuta, kwa sababu mafuta huvunja utando wa povu. Acha presha ishuke yenyewe. Kwa uji wa oti sioni sababu yoyote ya kufungulia mvuke mapema, hata ukiwa umechelewa. Na kila baada ya kupika, vua vifaa vya kwenye mfuniko uvioshe, kisha tazama kitundu dhidi ya mwanga kama kiko wazi. Uji uliokauka humo leo ndio utakaokusumbua siku nyingine, pengine ukiwa unapika nyama na huna wazo la oti kichwani.

Vijitabu vya baadhi ya presha kuka, hasa za juu ya jiko, vinakataza kabisa kupika oti, pamoja na rojo la matufaha na vyakula vingine vya povu. Kama chako kinakataza, kitii. Sababu ni hiyo niliyoeleza.

Chini pameshika ukoko, au mashine inatoa alama ya kuungua

Presha kuka ya umeme ina kihisi cha joto chini ya sufuria. Chini pakipanda joto kupita kiasi, mashine inakata moto na kukuonya. Swali la kujiuliza ni kwa nini papande, wakati maji yamo.

Jibu ni uzito. Kimiminika chepesi hujizungusha chenyewe: cha moto kinapanda, cha baridi kinashuka, na joto linasambaa. Kikiwa kizito mzunguko unasimama. Tabaka la chini linakaa palepale juu ya moto, linakauka, linashika, kisha linaungua. Kwa hiyo tafuta kilichoufanya uji uwe mzito kabla presha haijapanda.

Mtuhumiwa wa kwanza ni sukari, na asali na jemu vimo humohumo. Hushuka chini na kuungua mapema. Vitie baada ya kufunua. Utamu hauhitaji presha.

Wa pili ni tende zilizopondwa, ndizi iliyosagwa na rojo la matunda la aina yoyote. Hivi ni vizito na vina sukari, kwa hiyo vinakosa mara mbili. Kama ni lazima viingie mapema, vimwage juu ya oti na maji, katikati, na usikoroge. Najua mkono unawasha kukoroga. Uache uwashe.

Wa tatu ni maziwa. Protini zake huganda kwenye chuma cha moto, na sukari yake ya asili hugeuka kahawia. Hata yasipoungua hadharani, yanaacha harufu ya kuungua kwenye uji mzima. Wengi hupika kwa nusu maji nusu maziwa na wakati mwingine inakubali, ila mimi sioni faida: maziwa ya moto yakitiwa mwishoni yanaleta ulaini uleule, na ladha yake inakuwa safi zaidi.

Wa nne ni mpishi aliyekaanga oti kidogo kwa siagi ndani ya sufuria ileile, jambo zuri kabisa kwa harufu, halafu akamwaga maji bila kukwangua chini. Vipande vilivyonata ndivyo vinavyoungua kwanza. Mimina maji, kwangua kwa mwiko wa mbao hadi usikie chini panateleza, ndipo ufunike.

Ukishaonywa, usiongeze maji na kuwasha tena bila kufunua. Zima, ngoja presha ishuke, fungua, kisha chota uji wa juu uuhamishie chombo kingine bila kugusa chini. Uonje. Kama hauna harufu ya moshi, umalizie kuiva kwenye sufuria ya kawaida. Kama unayo, hakuna mdalasini utakaoificha.

Kama tatizo linarudi kila mara, acha kupigana nalo na ubadilishe njia. Weka kikombe 1 cha maji chini ya sufuria, au kiasi cha chini kinachotakiwa na presha kuka yako, kisha kistendi cha chuma, na juu yake bakuli la chuma au la kauri linalostahimili joto, lenye oti na maji yake. Bakuli lisijae kupita nusu. Ongeza dakika 2 hadi 5 kwa sababu joto linapaswa kupenya kuta za bakuli. Kwa njia hii uji haugusi chuma chenye moto, kwa hiyo hauna pa kushika. Hata maziwa yanavumilia. Pia ndiyo njia pekee ya busara ya kupika uji wa mtu mmoja, maana robo kikombe cha oti na maji yake havifikishi kiasi ambacho sufuria nyingi zinahitaji ili zitengeneze mvuke wa kutosha.

Presha haipandi

Angalia mpira wa mfuniko: umekaa sawa pande zote, haujapasuka, hauna punje ya oti iliyonasa? Kisha kitasa cha mvuke, kama kimefungwa. Kisha kiasi cha maji. Kama mvuke unavuja kwenye ukingo, ni mpira. Kama hakuna mvuke popote na sufuria inanuka, rudi kwenye sehemu ya kuungua. Uji wenye matunda yaliyogandishwa, au mwingi kuliko kawaida, utachukua muda mrefu kufikia presha bila kuwa na kasoro yoyote. Muda wa kuiva hauongezeki kwa sababu ya wingi. Unaoongezeka ni muda wa kusubiri presha ipande.

Maji juu, oti chini

Mara nyingi hili si tatizo, ni haraka ya mpishi. Oti huzama wakati presha inashuka, na wanga bado haujashikana. Koroga kutoka chini, funika bila kufunga, ngoja dakika 5 hadi 10. Uji utazidi kuwa mzito mbele ya macho yako, na ukipoa utazidi tena. Anayeufikisha uzito anaoutaka ukiwa bado unachemka atakula donge.

Kama baada ya hapo bado ni maji, uchemshe bila mfuniko kwa dakika chache ukikoroga, au nyunyizia kijiko kimoja au viwili vya oti za haraka. Hapo ndipo zinapofaa.

Kama maji yapo na punje ni ngumu, hilo ni jambo jingine: hazikuiva. Huenda ulianza kuhesabu dakika mapema. Saa inaanza presha ikishapanda, na kwenye presha kuka ya kuweka juu ya jiko ni pale kizito cha kwenye mfuniko kinapoanza kutikisika au kupiga mluzi, si pale moto unapowashwa. Huenda ulifungulia mvuke mapema, ukakata zile dakika 15 za kutulia ambazo ni sehemu ya kuiva. Huenda unaishi mwinuko wa juu. Kanuni inayotumika sana kwa presha kuka ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa nyepesi inashusha presha ya jumla ndani ya sufuria, na joto linashuka nayo.

Au ulitia kitu kichachu tangu mwanzo. Maji ya limau, juisi ya chungwa, nanasi, matunda damu: asidi yake huchelewesha kulainika kwa kuta za nafaka. Ndiyo maana sufuria mbili zenye oti zilezile na dakika zilezile zinaweza kutoa uji tofauti, moja laini, nyingine ya kutafuna.

Uji mzito mno, au wenye ute

Uzito hauna gharama: ongeza maji au maziwa ya moto kidogokidogo huku ukikoroga. Ya baridi yanaacha mabuja.

Ute ni kisa kingine, kwa sababu hauondoki. Unatokana na oti bapa zilizopikwa kupita kiasi au zilizokorogwa mno, hadi wanga na zile nyuzi zikamwagikia majini zote. Safari ijayo punguza dakika, koroga mara chache baada ya kufunua, au hamia kwenye oti za chenga, ambazo zinavumilia presha kuliko zote. Kuzikaanga kidogo kabla ya maji pia kunasaidia punje zisivurugike. Mdalasini wa unga ukizidi nao huleta ute. Kijiti kizima kinatoa harufu bila kisa hicho.

Maziwa yamekatika

Umefunua, na maziwa yamegawanyika kuwa maji na vipande vyeupe. Yanaweza kuliwa kama yalikuwa mazima, ila sura imeharibika. Chanzo ni asidi ya matunda ikikutana na maziwa kwenye joto. Protini ya maziwa huganda asidi ikifikia kiwango fulani, na kadiri joto linavyopanda ndivyo kiasi kidogo zaidi cha asidi kinavyotosha. Stroberi na maziwa ya baridi vinapatana. Ndani ya presha kuka vinagombana.

Utaratibu usioniangusha: oti na maji chini ya presha, maziwa ya moto baada ya kufunua, uji utulie kidogo, na matunda machachu juu ya bakuli la kila mlaji.

Nanasi bichi, papai na kiwi vina jambo lao. Vimeng'enya vyake hukata protini, na uji wa maziwa ukikaa navyo unapata uchungu. Joto huviua. Basi ama vipike, ama viweke mezani na ule papo hapo, lakini usivichanganye mbichi kwenye uji wa maziwa unaotaka kuuweka hadi kesho.

Matunda yamepotea, yamefifia au yamebadilika rangi

Hapa ndipo uji wa oti na matunda unapojengwa au kubomolewa, na kosa ni kuyaona matunda kama kundi moja. Mimi huyapanga kwa wakati wa kuingia.

Matunda makavu huingia mwanzo. Zabibu kavu, aprikoti kavu zilizokatwa na tende za vipande hunywa maji, huvimba na kutoa utamu wake ndani ya uji. Kwa sababu hunywa maji, ongeza vijiko 2 au 3 vya maji kwa kila robo kikombe. Ukisahau, uji utakuwa mkavu nawe utazilaumu oti bure. Yatawanye juu, yasirundikane chini.

Matunda magumu yanaweza kuingia mwanzo, lakini kwa vipande vikubwa. Tufaha au peasi likikatwa dogo linayeyuka kabisa, na unabaki unauliza tufaha liko wapi wakati umeshalila. Vipande vya upana wa sentimita 2 au 3 hutoka laini lakini vinaonekana. Ukitaka ladha ya tufaha kote na vipande vya kutafuna pia, gawa mara mbili: nusu mwanzo, nusu baada ya kufunua, uji ukiwa bado wa moto, ufunike dakika 5.

Matunda laini huingia mwisho. Ndizi ikipita kwenye presha hubadilika rangi na kupoteza ile harufu yake mbichi. Embe linageuka rojo. Stroberi zinapauka, rangi yote imekimbilia kwenye uji. Beri za buluu zinapasuka na kuufanya uji uwe wa kijivu kilichochanganyika na zambarau, rangi isiyomvutia mtoto wala mkubwa. Rangi ya beri hubadilika kulingana na asidi: kwenye uchachu inaelekea nyekundu, uchachu ukipungua inaelekea buluu na kijivu, na oti, na zaidi maziwa, huupunguza uchachu huo. Matone machache ya limau kwenye bakuli lisilo na maziwa huirudishia uhai. Afadhali zaidi, zitie beri baada ya kufunua, uzichanganye mara mbili tu kwa mwiko. Zilizogandishwa usiziyeyushe kando. Joto la uji litafanya kazi hiyo, na maji yake yahesabu unapopima, maana yanalegeza uji.

Ganda la chungwa au limau lililoparuzwa pia ni la mwisho. Harufu yake inaruka na mvuke.

Ladha haipo, au ipo isiyotakiwa

Uji uliopooza licha ya matunda mengi mara nyingi umekosa chumvi. Onja kabla hujaongeza sukari.

Uchungu unaobaki kwenye ulimi, wenye harufu ya mafuta ya zamani, ni wa oti zenyewe. Oti zina mafuta mengi kuliko ngano, na mafuta hayo huvunda yakikaa muda mrefu kwenye hewa na joto. Viwanda huzipasha moto ili kuzuia kimeng'enya kinachoharakisha uvundo huo, lakini pakiti iliyofunguliwa miezi mingi karibu na jiko haina wa kuitetea. Nusa pakiti kavu. Ikinuka rangi ya kupaka, itupe.

Uji unaonuka mchuzi wa jana ni kazi ya mpira wa mfuniko. Silikoni hushika harufu na kuitoa tena ikipata mvuke. Kuuloweka kwenye maji ya siki na kuuanika kunapunguza. Kuwa na mpira wa pili kwa vyakula vitamu pekee kunamaliza kabisa.

Kutega usiku, na kiporo

Presha kuka ya umeme inakuruhusu kutega saa ili ianze alfajiri. Oti na maji vinavumilia, ingawa zitakuwa zimelowa, basi punguza dakika za kupika. Maziwa usiyatege. Kukaa usiku kucha kwenye joto la chumba ni kuwapa bakteria muda wa kuzaliana, na baadhi yao huacha sumu isiyoondolewa na kupika.

Uji uliobaki uingie kwenye friji ndani ya saa 2, kwenye vyombo vya kina kifupi ili upoe haraka, na uliwe ndani ya siku 3 au 4. Utaganda kama keki. Ni wanga tu umejipanga upya. Uvunje kwa uma ukiwa baridi, mimina maji au maziwa kidogo, upashe taratibu hadi uchemke kote, kisha uweke matunda mabichi mapya. Ukitabiri kuwa utabaki, hifadhi uji mtupu, matunda kando.